Zipu ya Kipepeo

Asubuhi hiyo Gathogo alishona mfuko wa suruali ya mtu ukaziba kabisa, hata kidole hakingeingia. Macho yake hayakuwa kwenye cherehani. Yalikuwa kwenye mkebe wa plastiki mezani, ambamo kipepeo alikuwa ametoka tu kwenye kifuko chake na kuning'inia kwenye kijiti cha mlimau, mabawa yamekunjamana kama shati lililolala ndani ya ndoo.

Mkebe ulikuwa wa Wendy, binti yake wa Gredi ya Tano. Kipepeo wa kwanza, wiki mbili nyuma, Gathogo alimwonea huruma akihangaika kutoka, akachukua mkasi, akampasulia kifuko. Yule hakuruka. Aliburuta mabawa mezani siku mbili, akafa. Wendy hakulia. Siku tatu nzima alipokea chai bila kumwangalia babake. Leo kabla ya kwenda shule alisimama mbele yake mlangoni.

"Dadi, usiguse."

"Siwezi gusa."

"Apa."

Akaapa.

Sasa kipepeo akadondosha tone la rangi ya chai. Gathogo akaruka kitini. "Mama Karimi! Inatoka damu!"

Wangui, muuza matunda wa kibanda cha pili, ambaye soko lote la Giakanja linamwita Mama Karimi, alikuja akijifuta mikono. "Ati damu? Imeenda choo, Baba Wendy. Hata wewe ukifungiwa siku kumi, si utaanzia hapo?"

Gathogo hakucheka. Alivaa miwani, akainama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye plastiki. Mrija wa kunywea, Wendy alikuwa amemchorea kitabuni: mmoja, umejikunja kama springi ya saa. Huu haukuwa mmoja. Zilikuwa nyuzi mbili nyembamba, kila moja na njia yake.

"Mdomo imepasuka," alisema. "Ona, pande mbili. Hii haina meno, inafyonza tu. Sasa itakunywa na nini? Itakufa njaa, na Wendy atasema ni mimi."

"Na si wewe?"

"Sijagusa!"

Mama Karimi akachungulia. "Si wewe ni fundi? Rudisha na sindano, polepole."

Hilo ndilo aliloogopa kusikia, kwa sababu mkono ulikuwa tayari umeng'oa sindano kwenye kola ya shati lake. Akafungua kifuniko. Ncha ilipokaribia kile kichwa chenye manyoya, akaona nyuzi zinasogea zenyewe: zinakunjika, zinakunjuka, zinakunjika tena, mate kidogo yakimeta katikati. Karibu na kichwa zilikuwa zimeshaanza kushikana.

"Ngai, Mungu wangu," akanong'ona. "Ni zipu."

Miaka ishirini amekaripia wateja: usivute, meno ikiruka nguo imeisha. Akarudisha sindano kwenye kola, akafunga mkebe, akakalia mikono yake yote miwili.

"Na hiyo suruali ya Mwai?" Mama Karimi aliuliza. "Alisema anaitaka saa sita."

"Mwai akae na ile amevaa."

Mabawa yakanyooka, yakakauka. Mrija ukashikana, ukaachana, ukashikana. Kengele ya shule ilipolia, ncha ilikuwa bado wazi kama ulimi wa nyoka.

Wendy alifika mbio. Hakuangalia uso wa babake, aliangalia pale mikono yake ilipojificha.

"Uligusa?"

"Nilitoa sindano," Gathogo alisema. Uongo haukumjia. "Nikarudisha. Uliza Mama Karimi."

"Ameikalia hiyo mikono tangu saa nne," Mama Karimi alisema, huku akikata kipande cha chungwa.

Wendy akakiweka mkebeni. Kipepeo akakikanyaga kwa miguu ya mbele, akatulia. Kisha mrija ukakunjuka, mmoja, mweusi, mpaka chini, ukazama kwenye maji ya chungwa.

"Dadi," Wendy alisema, macho bado mkebeni, "leta kiti tuone pamoja."

"Leta wewe, mami," Gathogo alisema. "Hii mikono yangu imekufa ganzi."