Mhola Duhu

Mradi wa walemavu wa parokia yetu, hapa Bariadi, uliniajiri niwasemee wagonjwa. Sista Apolonia, aliyenihoji, aliniomba nirudie majibu yote kwa sababu hakuyasikia. Nilikuwa nimetoka chuo cha maendeleo ya jamii, na sikuwa na mshindani. Nikapata kazi.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kugombania mizani na chama cha ushirika, na hospitali nayo ilikuwa imeanza kutoza. Walemavu walisamehewa, ila ilibidi aje mtu aseme kwamba ni walemavu. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwezi wa sita, Lukresia, mama anayeuza chai mnadani Dutwa, alituletea kijana wa Kitaturu aitwaye Gidamis. Wataturu ni wachache kwetu. Jina hilo tuliwapa sisi Wasukuma. Wenyewe hujiita Wadatoga, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza. Gidamis aliangukia moto utotoni, ngozi ya nyuma ya goti ikashikana, na mguu wa kulia haukunyooka tena. Alitembelea fimbo. Ndugu zake walikwenda mbugani na ng'ombe. Yeye aliachwa bomani na ndama.

"Kaenda hospitali mara mbili," alisema Lukresia. "Wanamwambia ni mzima, arudi nyumbani."

"Na mguu huo?"

"Na mguu huo huo. Muulize mwenyewe, mayu, anajua Kisukuma cha mnadani," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nilimuuliza. Alisema hospitalini ni pazuri. Wanakusalimia, unawajibu, kisha wanamwita mwingine.

Daktari wa mifupa alikuja kutoka Mwanza mara moja kwa mwaka. Aliwachagua wa kupasuliwa na kuondoka nao siku hiyo hiyo kwenye gari lake. Asiyechaguliwa alisubiri mwaka mwingine. Asubuhi ya siku hiyo nilimpeleka Gidamis. Mlangoni kwa daktari alikaa tabibu wetu, mzee Mahona, kazi yake kuchuja foleni.

"Mwangaluka," Mahona alimwamkia Gidamis.

"Mwangaluka."

"Ngosha, leo umekuja kutibiwa au umefuata ng'ombe wetu?" Ngosha kwetu ni mwanamume.

"Ng'ombe wenu walikuja kwetu wenyewe," Gidamis alijibu. "Walikuwa na njaa."

Mahona alicheka mpaka akavua miwani. Makabila yetu yameshutumiana wizi wa ng'ombe tangu enzi za mababu, na mzee alifurahi kumpata mtu anayejua kujibu.

"Mhola?" aliuliza.

"Mhola duhu."

"Mzima huyu," alisema Mahona. "Mwingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu mtu akikuuliza mhola, yaani ni salama, unajibu mhola duhu, salama tu. Hata aliyebebwa kwa machela hujibu hivyo. Kisha anavuta pumzi na kusema "ila", na baada ya hiyo ila ndipo ugonjwa unapoanza. Gidamis alijifunza salamu mnadani, na mnadani baada ya salamu inafuata bei. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna ila.

Alikuwa ameshashika fimbo yake. "Nimejibu vizuri?" aliniuliza.

"Vizuri sana," nilisema. Nikamgeukia Mahona. "Mzee, mguu."

"Nini?"

"Mguu."

"Binti, mguu nauona. Mwaka juzi tulimpeleka mmoja ambaye hakusema lolote, akafika Mwanza akaruka dirishani. Daktari anataka mgonjwa aseme mwenyewe kinachomsumbua."

Nilimuuliza Gidamis kinachomsumbua. Alifikiri.

"Mbu," alisema.

Foleni ilianza kunung'unika. Mama mmoja alisema watoto wa chuo siku hizi wanaleta watu wasioumwa kujaza nafasi. Gidamis hakuwa na maneno ya maumivu ya binadamu kwa Kisukuma, na mimi sikuwa na hata neno moja la kwao. Nilijiuliza alikuwa na maneno gani. Nilipoyapata niliona aibu, lakini daktari alikuwa anaondoka mchana.

"Gidamis," nilisema, nikilionyesha goti kwa kalamu. "Kama mwenye goti hili angekuwa ng'ombe, ungemwambia nini mnunuzi?"

Gidamis aliniangalia, akaliangalia goti, kisha akapaza sauti kama mtu aliye mnadani.

"Huyu usimnunue."

Mahona alisimama. "Kwa nini? Naona meno mazuri."

"Meno mazuri, tumbo zuri. Goti halinyooki. Aliungua akiwa ndama. Baridi ikija mshipa wa nyuma unavuta, halali. Kwenye maji anafika wa mwisho, wenzake wameshayachafua."

"Maksai au dume?"

"Dume."

Nilitazama ukuta. Kulikuwa na picha ya kuhimiza kunyonyesha.

"Na mwenye ng'ombe anatakaje?" aliuliza Mahona, sasa kwa sauti ya chini.

Gidamis aliishusha fimbo. "Mwenye ng'ombe anataka atembee na ng'ombe wakubwa," alisema. "Amechoka na ndama."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Daktari, mtu wa Bukoba asiyejua Kisukuma, aliuliza hapo nje kunauzwa nini.

"Goti," alisema Mahona.

"Lileteni ndani."

Mchana Gidamis aliondoka na gari la Mwanza, amekaa mbele kwa sababu nyuma mguu haukupata nafasi.

Alirudi mvua za kwanza zilipokuwa zimenyesha. Alichechemea, lakini bila fimbo. Pale kwenye baraza la hospitali hakungoja kuambiwa; alitembea mpaka mwisho na kurudi, kama ng'ombe anayeonyeshwa kwa wanunuzi. Mahona alimzunguka.

"Huyu sasa bei gani?"

"Hauzwi."

"Haya. Mhola?"

Gidamis alinitazama. Sikumwambia kitu, ingawa kusema ndiyo kazi yangu.

"Mhola duhu," alijibu. Akavuta pumzi. "Ila."

Mahona akamvutia kiti, akachukua kalamu.

"Ila nini, ngosha?"