Uzi Namba Mia

Nilimtambua kwa vidole kabla sijamtazama usoni. Aliingia dukani, akachukua donge la uzi kisandukuni bila kuomba ruhusa, akavuta ncha yake na kuipitisha taratibu juu ya mdomo wake, pale ngozi inapohisi hata unywele. Katika mji wetu wa mlimani ni watu wawili tu waliopima uzi namna hiyo. Mmoja alikuwa mama yangu, naye tulishamzika. Wa pili alikuwa Incoronata, na sikuwa nimemwona kwa miaka thelathini na moja.

"Namba mia unao?" aliuliza.

Nikainama chini ya meza kutafuta uzi uliokuwa mbele ya macho yangu. Nilihitaji mahali pa kuficha uso.

Duka lilikuwa la mama, nami nimelirithi pamoja na sheria zake. Namba za uzi huenda kinyume na akili: kadiri namba inavyopanda, ndivyo uzi unavyokonda. Ishirini ni ya mapazia na kitambaa cha altare. Arobaini ni ya pindo za mashuka ya bibi harusi. Themanini ni ya leso. Kitani hukwaruza vidole, na hariri ni nzuri kwa macho lakini vifundo vyake huteleza, kwa hiyo mama aliamini pamba peke yake, ile iliyosokotwa hadi ikang'aa. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: usimpe mtu uzi kabla hujamuuliza, "Wa nini?" Bila jibu hilo, alisema, utamuuzia mtu kamba akashonee kipepeo.

Namba mia ilikuwa ya kofia ya mtoto wa ubatizo. Hapa kwetu hakuna aliyeinunua kwa kitu kingine.

Mwaka ule wa 1957 nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mke wa mtu, na tumbo la miezi mitano. Incoronata alikuwa rafiki yangu tangu utotoni. Tulijifunza pamoja, magotini pa mama, kushika kile kitumbwi cha mfupa kinachobeba uzi, kufunga vifundo hadi viwe pete za lesi. Pete ikishafungwa haifunguki, ukikosea, unakata. Sisi huiita lesi hiyo chiacchierino, yaani kaporojo, kwa sababu wanawake huifuma huku wakipiga soga. Incoronata alifuma kimya. Porojo zilikuwa zangu.

Alikuwa mchumba wa Canio, aliyefanya kazi kwenye migodi ya makaa Ubelgiji na hakuwa amekanyaga nyumbani tangu Krismasi ya mwaka juzi. Harusi ilipangwa baada ya mavuno ya zabibu. Basi siku moja ya Juni akaja dukani, akataka madonge matatu ya ishirini, ya pazia. Akasitasita, akawa mwekundu hadi masikioni. "Na moja la mia," akasema.

Sikumuuliza. Ndiyo mara pekee nilipoivunja sheria ya mama, na niliivunja kwa sababu nilijiona najua. Nilimfungia madonge yake nikitabasamu kama mtu aliyeokota siri njiani.

Saa moja baadaye akaingia Bi Teodora, binamu wa mama yake Canio, kutafuta vifungo.

"Huyu mkwe wetu kanenepa, au ni macho yangu?" alisema.

"Labda muulize kanunua uzi namba ngapi."

Akakodoa macho. "Ngapi?"

"Mia."

"Mama yangu wee! Na Canio yuko Ubelgiji!"

"Mimi sijasema kitu, Bi Teodora."

"Wala mimi sijasikia, mwanangu." Akatoka mbio, vifungo kaviacha mezani.

Nilicheka. Kati ya yote, hilo ndilo linaloniunguza zaidi.

Jumapili, kanisani, wanawake walisogea mbali kwenye benchi Incoronata alipoketi. Mama Canio alitangaza pale mlangoni kwamba angesubiri hadi Jumatano, siku ya posta. Kama hakuna wa kumwonyesha kwamba maneno yale ni uongo, angemwandikia mwanawe.

Jumatatu Incoronata akaja na kitu kilichofungwa katika karatasi ya bluu. Akakifungua juu ya meza. Ilikuwa kofia, nyeupe, ndogo kama ngumi, pete zake nyembamba kiasi kwamba niliogopa kuipumulia.

"Ni yako, Ersilia," alisema. "Mama yako aliniomba niwe mama wa ubatizo wa mwanao. Hukutakiwa kuiona kabla hajazaliwa, ni mkosi. Lakini nifanyeje? Watu wanasema ni yangu."

Nikaifunika kofia kwa karatasi yake.

"Mama yako yuko Matera kwa dada yake hadi Ijumaa," aliendelea, "na Mama Canio hanifungulii mlango. Nenda wewe. Akikuona na hilo tumbo na kofia mkononi, ataelewa."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Kesho."

Jumanne nilikwenda kweli. Nilifika mlangoni kwa Mama Canio, kofia iko kifuani, nikainua mkono nibishe. Ndani nikasikia sauti ya Bi Teodora. Nikajua nikiingia tu atasema, "Si wewe uliyeniambia?" Na mji mzima ungejua ulimi ule ni wa nani. Nikashusha mkono. Nikarudi nyumbani nikijiambia kesho, asubuhi na mapema, Mama Canio akiwa peke yake.

Jumatano asubuhi nilipanga nyuzi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Karibu na saa sita mchana Mama Canio alipita mbele ya duka na bahasha mkononi. Akanisalimu. Nikamwitikia.

Mama aliporudi alikwenda kueleza, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Canio alijibu kwa mistari minne kuvunja uchumba, na hakuuliza tena. Mama akaniuliza ni nani aliyeanzisha maneno yale. Nikamjibu, "Watu." Oktoba Incoronata akapanda treni kwenda Torino. Novemba nilimvika mwanangu kofia ile, na wote waliokuja ubatizoni waliisifu.

Sasa alisimama mbele yangu, nywele nyeupe, hana pete ya ndoa kidoleni. Niliweka donge la namba mia mezani. Mkono wangu haukuliachia.

"Wa nini?" nikauliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Aliutazama mkono wangu juu ya donge.

"Siku ile hukuniuliza," alisema.

"Sikukuuliza. Na maneno yale yalitoka kwangu."

"Najua, Ersilia. Uzi niliununua kwako. Angejua nani mwingine?" Akasema hivyo bila hasira, na heri angenipiga. "Nilipokupa ile kofia nilikuwa nimeshajua. Nilidhani utaona haya, uende."

Niliona haya. Ndiyo maana sikubisha mlango. Lakini hayo sikuweza kumwambia.

"Ni wa leso," alisema mwishowe.

"Kwa leso, chukua themanini," nikasema. "Mia utakuumiza macho bure."

"Nipe mia. Sikupata wa kumfumia kofia nyingine, na mikono bado inataka kuifuma."

Nikalifunga donge katika karatasi ya bluu. Fundo la kamba yake likakataa kukaa. Akanyoosha mkono, akalifunga mwenyewe.