Furushi Mlangoni

Wacha niseme ukweli mapema ili mtu asinishike baadaye: ile nyumba ya Dullo niliipanga na nikajivunia. Nimekuwa nikiwapangia watu nyumba hapa Isiolo tangu kaunti zianze, wakati watu wa maofisi walipohamia ghorofa za Bula Pesa na makochi ambayo hata mlangoni hayapiti. Zamani nilikuwa fundi wa mapazia tu, sokoni. Mtu ananunua pazia, ananiita nikamtundikie, nikifika naona kitanda kimeziba dirisha na friji imekaa sebuleni kama mgeni wa heshima. Mimi kunyamaza sijui. Nikaanza kuwasogezea vitu vyao, na watu wakaanza kunilipa kwa kusogeza.

Dullo Jarso anafanya kazi kaunti, idara ya maji. Ni mtu mpole, hajaoa, anakaa nyumba ya chumba kimoja na sebule kwenye ghorofa ya pili. Siku moja alikuja kibandani kwangu akasimama kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa.

"Judy, mamangu anakuja kutoka Merti," akasema. "Nataka akiingia tu, asitamani kurudi."

Akanieleza shida yenyewe. Mama yake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilishakwenda. La kulia lilikuwa linaona mwanga na kivuli tu, na daktari wa hapa mjini alisema atalipasua mwezi unaofuata. Baada ya hapo ni wiki sita za dawa ya matone, bila moshi, bila vumbi. Huko Merti mama alikuwa anaishi peke yake tangu mzee Jarso afariki, na jirani hawezi kukutilia dawa mara nne kwa siku. Akirudi huko, hilo jicho moja linakwenda pia. Lakini mama alikuwa ameshasema maneno yake: atakuja aangalie, na kama hapawezi, atarudi Jumamosi na landikruza ya Diba. Diba ndiye dereva wa Merti, na kiti cha mbele alikuwa ameshamwekea.

"Usijali," nikamwambia. "Mimi nitakufanyia nyumba ambayo huyo mama ataililia akitoka."

Kujipiga kifua najua, hilo hata mama yangu alikuwa analalamikia.

Wiki mbili nilihangaika. Chumba cha kulala nikampa mama, Dullo nikamtafutia kochi la kukunjua. Nikashona mapazia ya buluu ya maji, yenye mapindo mawili chini, nikayashusha hadi sakafuni ili dari lionekane refu. Nikaweka kioo kikubwa kando ya mlango, maana kioo huongeza chumba. Zulia dogo la duara katikati. Jikoni nikaweka rafu juu, karibu na dari, nikanunua makopo sita yanayofanana, nikabandika majina kwa herufi nzuri: sukari, chumvi, majani ya chai, mchele. Rimberia, keyateka, yaani mwangalizi wa hiyo ghorofa, ambaye misumari ya ukutani anaihesabu kama mbuzi wake, alipanda kuangalia akatikisa kichwa. "Hapa sasa ni Nairobi," akasema. Nikapiga picha kumi na mbili.

Mama alifika Jumatatu. Alhamisi asubuhi Dullo akanipigia simu.

"Njoo, tafadhali. Amekataa."

Nilipanda zile ngazi nikiwa nimeshakasirika. Nilipiga hodi, mlango ukafunguliwa, na kitu cha kwanza nilichokiona ni furushi. Furushi kubwa la leso, limefungwa mafundo mawili, liko chini kando ya mlango. Na pembeni yake mama, mrefu, mkavu, ameketi kwenye mkeka wake mwenyewe, mgongo umenyooka. Kitanda nilichomtandikia kilikuwa hakijaguswa.

"Salaam aleikum, Mama," nikasema. Mimi ni Mkristo lakini mtu humsalimia mtu kwa salamu yake.

"Aleikum salaam. Wewe ndiyo ile msichana ya nyumba?"

"Ndiyo, Mama. Naitwa Judy Akuam."

"Akuam. Turkana." Akanyoosha kidole upande wa ukuta. "Iko kivuli ya mwanamke hapo ukuta, mimi nasalimia yeye kila asubuhi, yeye hapana jibu. Leo Dullo ananiambia ni kioo."

Dullo akaangalia sakafu. Halafu akanieleza yote pale pale, kwa sauti ya chini, kama mama hakuwepo. Zulia lilikuwa limemkwaza mara mbili. Jumanne alijipikia chai akiwa peke yake, akatia chumvi, maana makopo yote mkononi ni kopo moja. Rafu haifikii. Tangu hapo hagusi kitu. Anakula akipewa, anashukuru, anarudi mlangoni.

"Mwambie abaki, Judy," akasema. "Mimi nimeongea mpaka nimechoka."

Hapo nikashikwa na hasira, siwezi kusema uongo. Siyo kwa mama tu, kwa wote wawili. Wiki mbili zangu. "Mama," nikasema, "hii nyumba imepangwa kwa ajili yako. Haya mapazia nilishona mwenyewe. Rangi hii nilienda kuitafuta mpaka Meru."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Buluu ya nini?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Buluu ya maji, nikasema, siyo ile kali, ile ya kutulia, na hapo hapo nikamwona uso wake umeelekea dirishani, unatafuta mwanga, na mwanga haupo kwa sababu pazia langu limeuzuia. Kibandani kwangu Dullo alinieleza habari ya macho neno kwa neno. Nilisikia vizuri, halafu nikaenda kuchagua rangi. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mama hakunisema. Aliuliza swali moja tu, akimgeukia mwanawe. "Dullo, hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yangu, Aayo," akasema, akimwita mama kwa Kiborana. "Na ni yako."

Mama akacheka, kicheko kidogo, cha kweli. "Mwanaume iko na nyumba wapi? Baba yako alikuwa na ng'ombe. Nyumba nilikuwa nayo mimi. Tukihama, mimi nabomoa, mimi nafunga kwa ngamia, mimi nasimamisha tena. Yeye anakuja jioni anakuta mlango." Akapapasa furushi lake. "Hapa mimi ni mgeni. Mgeni anakaa siku tatu, nne, anaenda. Mimi sina ubaya na nyinyi. Jumamosi nitaenda."

Dullo alitaka kujibu, nikamshika mkono. Nilikuwa nimemkumbuka nyanya yangu wa Ngaremara, ambaye jina lake ndilo hili langu la Akuam. Nyumba yake alijenga mwenyewe kwa fito na majani, na babu hakuwahi hata siku moja kumwambia kibuyu kikae wapi. Kwetu ni vile vile. Nilijua. Nimekulia ndani ya nyumba hiyo. Lakini mtu akikaa mjini na mapazia miaka mingi, anasahau kitu alichokijua akiwa na miaka mitano.

"Toa kila kitu," nikamwambia Dullo.

"Nini?"

"Vyote. Kitanda, kochi, makopo, kioo. Peleka nje kwa koridoo."

"Rimberia atasema nini?"

"Rimberia mwachie mimi."

Tulitoa vitu karibu saa nzima. Rimberia alipanda, akapanua mdomo, nikamtazama, akaufunga akashika upande mmoja wa kitanda. Mapazia niliyashusha mwenyewe. Nyumba ikabaki tupu, sauti zetu zikawa zinarudi, na jua la asubuhi likaingia mpaka ukuta wa nyuma.

"Mama," nikasema, "nyumba haina kitu. Simamisha."

Aliinuka, akavua viatu, akaweka kiganja ukutani. Akazunguka polepole, chumba, sebule, jikoni, choo, akihesabu hatua kwa Kiborana. Akazunguka mara ya pili bila kuhesabu. Mara ya tatu mkono ulikuwa hauko ukutani tena.

Kisha akaanza kuamuru. Mama huyo, jamani, kumbe ni jenerali. Kitanda chake kije sebuleni, ukuta wa nyuma, mahali jua linapofika. Dullo alale chumbani, "kijana akae na vitu zake." Mtungi wa maji mkono wa kulia wa mlango. Zulia lipewe Rimberia. Kioo kipewe mtu mwenye uso wa kuangalia. Rafu ishuke hadi usawa wa kifua chake, na hapo Rimberia mwenyewe akaenda kuleta nyundo, sikumwambia. Makopo yangu sita nikayarudisha kwenye mfuko. Sukari ikaingia kwenye kasuku kuukuu, ule mkebe wa mafuta ya kupikia, chumvi kwenye glasi, majani yakabaki na paketi yake. Akazigusa moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa ile nguo yako," akasema.

Nikamletea pazia. Nilidhani ataniambia nipeleke nyumbani. Alilivuta kati ya vidole, akafuata pindo la kwanza kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu la pili, polepole sana. Nilisimama kama mwanafunzi anayesahihishiwa.

"Mshono iko sawa," akasema. "Mkono yako hapana haraka. Weka hapa katikati, nyuma yake ni mimi, mbele yake ni wageni. Dirisha wacha wazi."

Miaka kumi na moja nimesifiwa rangi, hakuna mtu aliyewahi kuangalia pindo. Niligeuka nikajifanya natafuta kamba, maana machozi yalikuwa yananijia na mimi kulia mbele ya mteja sitaki.

Adhuhuri Dullo na Rimberia waliondoka, mmoja msikitini, mwingine kwa kazi zake. Mimi nikabaki natundika pazia. Mama alienda mlangoni, akapapasa, akapata komeo, akalisukuma. Kisha akaketi kitandani. Furushi lilikuwa bado kule mlangoni, na mafundo yake mawili. Nililiangalia nikanyamaza, na mimi kunyamaza siyo kazi rahisi.

Dullo aliporudi tulisikia ufunguo ukizunguka kwenye kufuli. Mlango haukufunguka. Akazungusha tena, akasukuma kwa bega.

"Judy?" akaita. Mama akaweka kidole mdomoni mwake, kuniashiria ninyamaze. Halafu huyo bwana wa kaunti, na kitambulisho shingoni, akarudi nyuma hatua moja, akapiga hodi kwenye nyumba anayoilipia kodi.

"Nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, Aayo. Dullo."

Mama akainuka. Akapita kando ya pazia, akapita sebule, hakushika ukuta wala kiti, akafika kwenye komeo moja kwa moja akalifungua.

"Karibu nyumbani," akasema. "Vua viatu."

Dullo akavua. Akasimama na soksi, mikono haijui iende wapi. "Nikae wapi, Aayo?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Dullo akaketi. Mama akainama, akaliokota furushi lake, akarudi nalo mpaka kitandani, akaanza kufungua fundo la kwanza kwa kucha. Lilikuwa gumu. Sikuenda kumsaidia.

"Pigia Diba simu," akasema bila kuinua kichwa. "Mwambie ile kiti ya mbele apatie mtu mwingine."