Jina la Dakika ya Saba

Kundi letu la mtandaoni lina watu mia nne, Wakongo wa Brussels, Paris na Montreal, wengi hawajawahi kukanyaga Kinshasa. Tunasikiliza rumba za zamani na kubishana. Mimi ndiye msimamizi, na kwa ubishi sina mpinzani.

Papa Suti tulimpenda wote. Mwaka 1974, akija Ubelgiji, alimwachia mdogo wake suti ya kijivu ampelekee mwimbaji, ili amtaje yeye Papa kwenye wimbo, kama ilivyo desturi yetu. Mdogo akaandika barua toka Kintambo, mtaa wao wa Kinshasa: "Kaka, Kintambo nzima inakusikia." Sahani ya santuri yenyewe Papa hakuwahi kuipata. Mdogo alipokufa, Papa hakuwa na karatasi za kusafiria, hakumzika. Baadaye akabaki hana wa kumwendea.

"Nyumbani nimebaki kwenye wimbo huo tu," alikuwa akisema.

Kundini hakuna aliyejua kwamba anaitwa Ilonga, na mdogo wake Bosenge. Mimi nilijua, maana ndimi niliyemjazia fomu za hospitali.

Vijana waliisaka sahani miaka mitatu. Aliyeipata ni Ndaya, binti aliyezaliwa Montreal. Jumapili baada ya misa nikamleta Papa saluni kwangu Matonge, hapa Brussels, tusikilize kwa simu pamoja na kundi zima. Alivaa tai. Pondu niliyompikia, kisamvu cha kwetu, hakuigusa.

"Mado, ongeza sauti. Masikio yamekwisha."

"Yamekwisha wapi, na umbea unausikia toka stesheni?"

Akacheka. Magita yakaanza. Dakika ya saba mwimbaji akaita: "Bosenge! Bosenge wa Kintambo, mwenye suti ya kijivu!"

Ujumbe ukamiminika. Papa Suti, umeitwa! Kumbe jina lako Bosenge! Ndaya akatuma sauti, analia kwa furaha: "Papa, nimekusikia. Sasa na mimi nina mtu nyumbani."

Nilipandwa na hasira. "Mwizi huyo mdogo wako! Marehemu au si marehemu, mwizi. Nawaambia sasa hivi."

Papa akanishika mkono.

"Miaka hamsini nimewaringia watu, Mado."

"Lakini si wewe!"

"Mtoto analia kwa furaha. Utamwambia nini?"

Nikafuta nilichokuwa nimeanza kuandika. Papa akalegeza tai, akaiomba simu, akabonyeza pa kurekodi.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Ndiyo mimi, Bosenge."