Magimbi Chini ya Tuta

Chini ya tuta la bwawa letu, ng'ambo ya Mjimwema, pana mahali pasipokauka hata mwezi wa kumi. Watu wa huku tukiona unyevu wakati wa kiangazi hatuulizi umetoka wapi. Tunalima. Kunegunda, mjane wa kaka yangu, alipanda hapo magimbi na migomba, na kila mwaka alipanda juu kidogo, mpaka jembe likaanza kula tuta lenyewe. Hakuna aliyemkataza. Magimbi yalikuwa matamu, naye si mchoyo.

Mwaka huu alikuja mkaguzi, mhandisi Violet. Alikinga kwenye chupa maji yaliyokuwa yakitoka kati ya magimbi, akayatazama. Yalikuwa na tope. Akatueleza kwamba yangekuwa maangavu asingeshtuka sana, lakini tope lile ni udongo wa tuta unaotoka ndani. Bwawa lifunguliwe kabla ya mvua, panapovuja pazibwe, na mazao yote yaondoke kwenye tuta.

Kunegunda hakubishia habari ya tuta. Aliuliza kuhusu kijito. Maji hayo yanayovuja ndiyo yanayokilisha kiangazi chote, na akina mama wa bondeni wana mboga kandokando yake.

"Ukiziba, mwanangu, tuta litapona, sisi tutakauka. Na ukifungua yote siku moja, mboga zitaondoka na maji."

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya bwawa, nikamwambia anyamaze, usalama kwanza. Akanigeukia.

"Shemeji, magimbi yangu umekula miaka yote. Hukuuliza yameota juu ya nini. Leo ndiyo umeujua usalama?"

Watu wakacheka. 

Mhandisi alisema kazi yake haimruhusu kukagua tuta peke yake na kuwaacha walio chini. Akafuata kijito pamoja na Kunegunda mpaka bustani ya mwisho. Waliporudi alibadilisha agizo: mboga zivunwe kwanza, kisha maji yapunguzwe polepole. Panapovuja pawekwe mchanga na kokoto za kuzuia udongo, na bomba la kupeleka maji kijitoni wakati wote.

Magimbi hayakusamehewa. Kunegunda aliomba ang'oe makubwa tu, madogo ayaache yakomae. Akakataliwa.

Asubuhi tulimkuta ameshaanza kuyang'oa mwenyewe. Nikachukua jembe nikaenda kwenye migomba.

"Acha jembe, shemeji," alisema. "Kata kwa panga. Ukichimbua visiki, unatoboa tuta."

Nikaenda kutafuta panga.