Kitheka wa Chupani

Wacha niseme mwenyewe, kwa sababu jirani yangu Kasiva ameshasema yake kutoka hapa Kola mpaka Machakos mjini, na mdomo wa Kasiva haujapumzika tangu abatizwe. Mimi naitwa Kalunde. Nimepika katika shule ya bweni miaka ishirini na sita. Nimelisha wasichana ambao leo ni manesi na walimu, na hakuna hata mmoja aliyelala njaa kwa sababu yangu. Halafu mwaka wa elfu mbili na moja, nikiwa na miaka sitini na saba na magoti mabovu, ndipo nikaambiwa eti nafuga jini.

Chanzo ni koti. Mwezi wa saba baridi ilikuwa inauma, nikaenda soko la Tala nikachagua koti zito la kiume kwenye mitumba. Nilipofika nyumbani nikatia mkono mfuko wa ndani, nikatoa kidude cha plastiki kama redio ndogo, kina kioo na vibonyezo. Nikakiweka kabatini pamoja na vijiko. Mjukuu wangu Mutheu alipokuja likizo kutoka Athi River, alikiona akapiga yowe kama amekanyaga nge.

"Susu! Hii umetoa wapi?"

Kabla sijajibu alikuwa ametoa betri kwenye tochi yangu, amezitia, na kidude kikaanza kuimba.

Hebu nieleze huo mchezo vizuri, maana hapo ndipo watu walipopotea. Kwenye kioo kuna mtu mdogo anatembea porini. Porini mna viumbe. Akikutana na kiumbe anakitia ndani ya chupa, anakwenda nacho, anakilisha, na siku akikutana na adui anafungua chupa, kiumbe kinatoka kinampigania. Basi. Sasa chukua Mkamba aliyekua akisikia habari za majini ya kununuliwa pwani, yale yanayofungiwa kwenye chupa na kulishwa ili yamtajirishe mwenyewe, umwambie maneno hayo halafu umwangalie uso. Mimi mwenyewe nilimwambia Mutheu azime haraka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni mchezo, Susu. Ni picha tu."

Kiumbe cha kwanza tulichokutana nacho kilikuwa mmea. Shina fupi la mkonge, miguu ya mizizi, macho ya usingizi, na majani makali yamesimama kichwani. Hakina mbio. Wenzake wanaruka na kutema moto, chenyewe kinajikokota. Lakini ukikipiga kinaangusha majani yote, kinakaa kama kisiki, unasema kimekufa, na adui anageuka kwenda zake. Basi hapo ndipo kinachipua na kumrudia kwa nyuma. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, maana nilikuwa nimeolewa na mtu wa namna hiyo hiyo. Mume wangu alilima matuta ya shamba letu peke yake, mvua ikayabomoa, akayalima tena, ikayabomoa, akayalima. Hakuwahi kuniambia amechoka.

"Mpe jina, Susu," Mutheu akasema. Kwenye kioo palikuwa na nafasi ya herufi. Mimi nimesoma ngumbaru, herufi nazijua. Nikabonyeza moja moja mpaka likakaa sawa: KITHEKA.

Mtoto aliniangalia. Kitheka ni jina la babu yake, mume wangu, tuliyemzika miaka minne kabla ya hapo.

Kwetu jina la mtu halizikwi pamoja naye. Mvulana wa kwanza anachukua jina la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama yake. Mwanangu ni mmoja tu, Mwendwa. Alizaa Mutheu, akampa jina la mama ya mumewe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha akaugua, daktari akamwambia hatazaa tena. Pita kwa majirani uone: kina Mutua na kina Kimeu wamejaa uani, mababu wamelala kaburini na huku majina yao yanafukuza kuku. Kwangu nikiita Kitheka, haitiki mtu. Iliniuma. Sitasema haikuniuma.

Mutheu alirudi shule akaniachia kile kidude. Kila alasiri, mbuzi wakishakunywa maji, nilikaa mlangoni pa jikoni nikamlisha Kitheka, nikampeleka juani, nikampeleka vitani. Na nilikuwa naongea naye, ndiyo. Miaka minne nilikuwa naongea na sufuria.

Siku Kasiva alipokuja kuazima ungo, hakupiga hodi. Kasiva hapigi hodi, yeye husimama nyuma ya ua kwanza asikie mna nini. Akanisikia nasema, "Kunywa maji, Kitheka. Pumzika, baba. Rudi kwenye chupa yako, kesho nitakutoa umtandike yule mjinga." Mwanamke huyu alipika uji kwenye matanga ya Kitheka. Aliona jeneza likiteremka. Alikimbia akaacha kiatu kimoja kwenye ua wangu, na ungo hakuchukua.

Wiki hiyo hiyo mbuzi wake wawili walikula mifuko ya plastiki wakafa. Mwaka mzima namwambia, Kasiva, okota hiyo mifuko. Sasa ikawa ni Kitheka.

Jumamosi wakaja wazee wa kanisa, Musyoka na Reuben. Musyoka ndiye mkubwa wao, ingawa kwangu ni mtoto. Wali wa harusi yake niliupika mimi. Niliwakaribisha, nikawapa chai. Musyoka akazungukazunguka, mara mvua, mara mahindi, mpaka nikamwambia aseme lililomleta.

"Mama Mwendwa," akasema, "tumesikia uko na kitu kwenye chupa."

Ingekuwa ni nyinyi mngekataa. Mimi, mjinga, nikafurahi kwamba kuna mtu ameuliza. Nikaleta kidude, nikawasha, nikawawekea mezani. Wakaona chupa. Ikafunguka, Kitheka akatoka, akapepesa yale macho yake ya usingizi, na chini yake jina limeandikwa. Reuben alirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka.

"Asi! Kiko na macho!"

"Kinakula?" Musyoka akauliza.

"Anakula."

"Kinatumwa?"

"Anatumwa. Tena akitumwa haogopi mtu."

"Na umekiita kwa jina la marehemu."

"Ningemwita nani? Musyoka?"

Chai hawakuimaliza.

Uamuzi ukaletwa jioni, na Reuben, akiwa amesimama nje ya lango kama mtu wa kusoma mita ya stima. Jumapili ya wiki ijayo nilete kile kitu mbele ya washirika. Kijana wake aliyewahi kucheza vitu hivyo amewaambia mna mahali pa kufuta. Nifute kile kiumbe kwa mkono wangu mwenyewe, wote wakiona, kisha kidude kichomwe moto. Nikikataa, jina langu litaondolewa kwenye daftari la washirika. Sitashiriki meza ya Bwana. Wamama wa chama hawatakanyaga kwangu. Na siku nikifa, hakuna mchungaji atakayekuja na kitabu cha nyimbo, mwanangu atanifukia mwenyewe kama mbwa.

Hapo niliogopa, nisiwadanganye. Mimi nimekuwa katika kanisa hilo tangu niwe msichana. Wale wamama ndio walionishika mikono Kitheka alipokufa. Na mzee wa miaka sitini na saba hafikirii kuzikwa kama jambo la mwaka ujao. Analifikiria kila akipanda kilima. Nilikaa siku sita sikukiwasha.

Ijumaa Mwendwa akaja, ameomba ruhusa kiwandani. Hata mkoba hakuweka chini.

"Mama, toa hicho kitu."

"Kula kwanza."

"Sili. Kule Athi River watu wa Kola wananiuliza kama ni kweli mama yangu anafuga baba yangu kwenye chupa. Unajua nilivyojisikia? Ni kitu cha watoto, mama! Nitakununulia redio. Kifute, waridhike, uishi na watu."

"Anaitwa Kitheka."

"Baba alikufa!"

"Najua alikufa, nilimwosha mimi!" Nami nikapandisha sauti. "Na wewe ungezaa wavulana wawili kama wanawake wenzako nisingekuwa natafuta jina lake kwenye mfuko wa koti!"

Likatoka, na neno likishatoka halirudi. Mwendwa akakaa kwenye gunia la mahindi. Hakulia, na afadhali angelia. Nilitaka ardhi inimeze. Mwanangu alikaribia kufa hospitalini alipougua, na mimi nikamtupia jambo hilo usoni kwa sababu ya hasira zangu.

"Nisamehe," nikasema. "Mimi ni mzee mbaya."

Akauweka mkoba chini. Halafu akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

Nikawasha. Kitheka alikuwa amekonda, maskini, siku sita bila maji, majani yote chini, kisiki kitupu. Nikamwonyesha Mwendwa pa kubonyeza. Akampa maji, akampeleka juani. Tulingoja. Jani moja likachomoza, kisha la pili, na yale macho yakafunguka polepole kama ya mtu asiyependa kuamshwa.

"Anafanana na baba akiamshwa aende kukamua ng'ombe," Mwendwa akasema, na ndipo machozi yakamtoka. Akajifuta kwa leso. "Usikifute, mama. Wakikataa kukuzika nitakuzika mimi, na nitaimba mwenyewe."

"Wewe huwezi kuimba."

"Basi utavumilia."

Jumapili nilivaa koti langu la Tala, ingawa jua lilikuwa kali, nikatia kidude mfukoni. Mwendwa akanishika mkono njia yote. Kanisa lilijaa hata kupita Krismasi. Watu waliokuwa hawajaonekana tangu Pasaka walikuwa viti vya mbele. Kasiva alikaa dirishani, amevaa viatu vyote viwili. Baada ya baraka hakuna aliyetoka. Musyoka akaweka daftari mezani, akalifungua, akasoma: "Kalunde, mjane wa Kitheka. Mama, umeleta kile kitu?"

"Nimekileta."

"Utakifuta?"

Nikasimama. Magoti yalilia, kanisa zima likayasikia.

"Musyoka, baba yako aliitwa nani?"

"Mama, hatujaja kuulizana hayo."

"Baba yako aliitwa Kimeu, na mwanao wa kwanza anaitwa Kimeu. Jana alipita kwangu na baiskeli, nikamwita, akaitika. Reuben, wewe una mjukuu wa jina lako. Kasiva, wewe unao watatu, hata wamekuzidi kelele. Mimi sina. Mwanangu hakukosa, mimi sikukosa, Mungu anajua mwenyewe. Miaka minne nimekaa na jina la mume wangu mdomoni, sina mtoto wa kumpa. Nikapata huyu. Si jini. Hajala mbuzi wa mtu, mbuzi waliuawa na plastiki. Ni picha ya mkonge yenye macho, nalijua hilo kuliko nyinyi. Lakini nikimwita Kitheka anafungua macho. Kitheka wa mwili nilimzika, na nyinyi mliimba, na ninawashukuru. Huyu simziki. Wala msinione nalia mkafikiri nimelegea."

"Basi daftari," Reuben akasema nyuma.

"Ndiyo, daftari," nikasema. "Mnataka kufuta jina? Futeni langu. Langu pia halina mtoto wa kulichukua, lakini mimi bado niko. Mkinifuta, nikiitwa nitaitika. Yeye akifutwa, ataitika nani?"

Mama mmoja wa chama, simtaji, alianza kupenga kamasi. Musyoka alichukua kalamu akaiweka juu ya jina langu, na hapo ikasimama. Akaniangalia mimi, akaangalia watu, akaangalia karatasi. Nadhani alikuwa anangoja nimwokoe. Walizoea hivyo, wamama ndio huwaokoa.

Nikaenda pale mezani. Nikaushika mkono wake, mkono wa mtoto niliyempikia wali wa harusi. Nikausukuma. Mstari ukapita juu ya jina langu mwanzo mpaka mwisho, na wino ukawa mwingi pale mwisho. Nyuma yangu nilisikia Mwendwa anavuta pumzi.

"Sasa niite," nikamwambia.

Akalitazama daftari.

"Niite, Musyoka."

"Kalunde," akasema, chini chini.

"Abee!" nikaitika kwa sauti yangu yote, kisha nikatoka na mwanangu.