Mikato Kumi na Tisa

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya Uhuru, Fanueli aliingiza vidole kwenye kisanduku cha mikato, zile koma za madini ya risasi za kuchapia, akakuta hamna kitu. Akapapasa pembeni. Akakipindua. Likadondoka vumbi na punje moja ya kunde.

Kiwanda hicho kidogo cha kuchapa, mali ya misheni, nje kidogo ya Lushoto, kilizoea nyimbo za kanisa na vitabu vya kusomea vya Kishambaa na Kiswahili, na kwa kazi hizo mikato ya risasi ilitosha na kusaza. Safari hii ilikuwa hotuba ya Kiingereza, ukurasa mmoja mpana, na Kiingereza cha Mwalimu Rahabu, aliyeiandika, kilikula mikato kama mbuzi aliyeingia shamba la mahindi. Ilipungua kumi na tisa.

Bwana mkubwa, mmisheni aliyekiongoza kiwanda, alikuwa likizo kwao Ujerumani, na kwa mara ya kwanza msimamizi wa kiwanda alikuwa Mshambaa, yeye Fanueli. Mchungaji Danieli, aliyeachiwa neno la mwisho, alikuwa amemwambia bila kuzunguka: "Ukiiharibu kazi ya Uhuru, Fanueli, nitaleta fundi kutoka Tanga akusimamie." Miaka kumi na minne ya kupanga herufi, halafu aletewe mtu wa kumsimamia! Usingizi ulikuwa umempaa tangu siku hiyo.

Basi akafanya alichokijua. Kiingereza hakukijua, aliziona herufi tu, akazipanga zilivyo. Ila alikuwa mwimbishaji wa kwaya, na kwenye kwaya mkato ni mahali pa kuvuta pumzi, basi. Akaiimba hotuba nzima kwa sauti ya chini, na kila alipoona pumzi yake inavuka, mkato akaung'oa. Na pumzi ya Fanueli nani asiyeijua? Mtu aliyezoea kuimba huku anapanda mlima na gunia la viazi kichwani. Mikato kumi na tisa ikapatikana kirahisi mno, hata akacheka peke yake.

Alhamisi alipeleka karatasi ya majaribio kwa Mzee Mbaraka, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, karani wa zamani wa baraza, ambaye ndiye angeisoma mbele ya wageni. Mwalimu Rahabu naye alikuwapo hapohapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mgosi," mzee alimjibu, kwa lile neno la Kishambaa la kumwita mwanamume. "Lete tuone."

Mzee akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Sentensi ya kwanza ikampeleka, ikampeleka, haikumshusha popote. Akakohoa, akashika kifua, akakaa kitako.

"Mgosi, unataka nife siku ya Uhuru?"

Rahabu aliinyakua karatasi, na uso ukambadilika. "Kaka Fanueli, mikato yangu iko wapi?"

Fanueli akaeleza, habari ya kisanduku, habari ya kwaya, yote.

"Nani kakwambia mkato wa Kiingereza ni wa kupumua tu? Tazama hapa. Nimewashukuru wakulima, walimu, akina mama wa sokoni. Mikato ndiyo inayowatenga, wewe umewamwaga wote chungu kimoja. Hapa mzee anawaita wageni, mkato ndio unaoonyesha kwamba anawaita. Na hapa nimechomeka maneno ya pembeni, mikato miwili inayashika huku na huku. Umeng'oa mmoja, umeacha mmoja!"

Fanueli alitamani ardhi ipasuke. Hofu ikaizidi aibu, maana kesho ilikuwa Ijumaa na mikato ya risasi haiuzwi sokoni Lushoto.

"Nukta unazo?" Mzee Mbaraka aliuliza ghafla.

"Tele, mzee. Kisanduku kimejaa."

"Basi zikateni sentensi."

"Mzee, nimehangaika nazo wiki nzima." Rahabu aliinamisha kichwa alipoyasema hayo, kwani kumkatalia mzee si jambo dogo. Lakini aliyasema.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kanzu yake, akaifuta tena. "Ni nzuri, mwanangu. Nzuri sana. Ila hata ile uliyoniandikia kwa mkono, na mikato yake yote, haijanifikisha mwisho hata siku moja. Ni kifua hiki. Naenda kuisomea migombani ili msinisikie ninavyokwama."

Kamati nzima ilikuwa imemsikia akikohoa huko migombani, na hakuna aliyethubutu kumwambia mzee kwamba kazi itamshinda. Naye hakuthubutu kuwaambia. Walikuwa wakiheshimiana kiasi cha kuuana.

Rahabu akavuta kigoda. "Kaka Fanueli, toa kalamu."

Walikaa mpaka alasiri. Mikato ya kuwatenga watu ilirudi, ya kuwaita wageni ikarudi; ya maneno ya pembeni ilifutwa pamoja na maneno yenyewe, hapo Rahabu akiwa amefumba macho. Sentensi moja ikawa tatu. Mzee alizijaribu moja baada ya nyingine, na iliyomkohoza ilikatwa tena. Fanueli aliporudi kiwandani akapanga upya, ikabaki mikato mitatu ya ziada. Ijumaa akachapa.

Jumamosi uwanja ulijaa watu licha ya matope. Fanueli alisimama nyuma kabisa. Mzee Mbaraka akaanza. Kwenye kila nukta alishusha karatasi, akavuta pumzi, akawatazama wageni usoni, nao wakadhani anawapa nafasi ya kutafakari. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Fanueli alipumua pamoja naye, nukta kwa nukta. Sentensi ya mwisho ilikuwa na maneno manne. Mzee aliitamka akiwa wima, bila kikohozi hata kimoja, na vigelegele vikalipuka mpaka mbwa wakakimbia. Rahabu alilia waziwazi wala hakujifuta.

Mchungaji Danieli akapenya katikati ya watu mpaka alipokuwa Fanueli, karatasi mkononi. Fundi wa Tanga hakumtaja.

"Jumatatu kuna kazi ya shule," alisema. "Vitabu mia tatu. Fungua mapema."

"Ndiyo, Mchungaji," Fanueli alijibu. Kisha akaketi kwa raha palepale matopeni, na suruali yake ya Jumapili.